Habari Inafika, Imani Inachelewa

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa Uvira, mashariki mwa Kongo. Habari kwamba esansi inamwagika haikuhitaji redio. Watu walikimbilia kuchota, na kila aliyeonekana amebeba bidoni akawa ushahidi kwa jirani yake. Kisha moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 230, wakiwemo waliokuwa wamejazana vibandani kutazama mechi ya Kombe la Dunia.

Kuwaita wenye tamaa ni kuwaonea. La kuuliza ni kwa nini neno la faida lilipata njia pana kuliko neno la hatari.

Jibu linaanzia kwenye namna habari inavyosafiri. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alieleza kuwa habari mpya huletwa zaidi na watu tusiozoeana nao sana. Kati ya wale aliowachunguza, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, wengi waliipata kwa mtu waliyekutana naye mara mojamoja. Ndugu na majirani, aghalabu, wanajua yale yale tunayoyajua. Uvira yote inaishi hivyo: bei ya ndagala, hali ya barabara ya Fizi, mpaka wa Kavimvira kufungwa au kufunguliwa, hayo huja na dereva, mvuvi, au mama mchuuzi aliyetoka Bujumbura asubuhi. Mtaa unaowakosa watu hao huweza kuvuma kwa maneno na bado usijue kitu. Midomo kumi ikirudia alichosema mtu mmoja, shahidi ni mmoja tu.

Lakini kusikia si kuamini. Mwaka 2010 mwanasosholojia Damon Centola aliwapanga watu zaidi ya 1,500 katika mitandao ya afya kwenye intaneti. Tabia mpya ilifikia asilimia 54 katika makundi yaliyofumana, na asilimia 38 katika mtandao uliotawanyika. Mtu huona wa kwanza akasita. Wa pili na wa tatu ndio humvuta.

Kipindupindu, ambacho hakijawahi kuihama Uvira kwa muda mrefu, kinalidhihirisha jambo hilo. Tangazo la kutia klorini kwenye maji ya ziwa hulizunguka jiji kwa siku moja. Kuitia kila asubuhi ni kazi nyingine, na hapo reko, yaani mhamasishaji wa afya wa mtaa, anayejulikana nyumba kwa nyumba, ana uzito ambao kipaza sauti hakina.

Imani ikikosekana, habari haitoshi. Septemba 2018, Ebola ikiwa imewaka Beni na Butembo, watafiti waliwahoji wakazi wa huko. Mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba ugonjwa huo upo. Na chini ya theluthi moja waliamini kuwa viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao.