Hajiri Aliketi Mbali

Swali tuliloondoka nalo ibadani ni hili: mama aliyejifungua, asiyemfurahia mtoto wake, je, ametenda dhambi?

Wengi walijibu haraka. Mtoto ni baraka, kwa hiyo anayelia badala ya kushukuru ana roho ya kukataa. Baganda walikuwa na jibu linalofanana: wazimu wa baada ya kuzaa waliuita amakiro, wakisema umeletwa na uzinzi wakati wa mimba. Daktari Mwingereza John Cox, aliyefanya kazi Uganda miaka ya 1970, alikuta wanawake wa kawaida kabisa wakiugua huzuni nzito. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa maswali 10 ambayo wauguzi huwauliza wazazi mpaka leo. Hakuna linalouliza mama amekosa nini. Kuna moja linalouliza kama anajilaumu bure.

Mtoto naye hangoji akue ndipo aelewe. Mwaka 1975 Edward Tronick, Marekani, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wachanga, kisha wakaushe uso kwa dakika chache. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mikono, akaita. Alipokosa jibu akageukia kando. Na hao walikuwa wakiigiza tu! Sasa fikiria chumba cha kupanga ghorofani hapa Kibokoni, kodi imechelewa, baba hajulikani aliko, maji ni ya kupandisha kwa mtungi. Uso hapo hukauka kwa miezi.

Katika Mwanzo 21, maji yalipomwishia Hajiri alimwacha mwanawe chini ya kichaka akaketi mbali, asimwone akifa. (Jirani zetu Waislamu humwita Hajara, na kisa chake pengine wanakijua kutushinda.) Ungempita njiani ungesema, mama gani huyu? Malaika hakumkemea. Alimwuliza ana nini, akamwambia amshike kijana, na kisima kikaonekana. Mimi naona kuketi mbali kule kulikuwa upendo uliokosa maji.

Maombi tuendelee nayo. Lakini wenyeji wa Mji wa Kale humweka mzazi ndani siku arobaini, akipikiwa uji wa pilipili manga, mtoto akipokezanwa mikononi. Sisi wa bara tumekuja mjini bila bibi wala shangazi. Jumanne mchana nani atapanda ngazi ambebe huyo mtoto, amchekee, mama alale masaa mawili? Na akisema anatamani kufa, au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, mkesha usingojewe.