Masafa ya Jakarta na Jeddah, na Ruhusa ya Msafiri

Kutoka Jakarta hadi Jeddah ni karibu kilomita 8,000, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa tisa hadi kumi. Zama za meli, mahujaji wa Jawa walikaa baharini majuma kadhaa. Swali linalozuka hapo lina umri mkubwa kuliko ndege: safari ni masafa yanayokatwa, au ni mashaka yanayompata msafiri?

Sheria ya Kiislamu humlegezea msafiri. Sala za rakaa nne huzisali mbili, na saumu ya Ramadhani anaweza kuila akailipa siku nyingine. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa Indonesia kama yanavyofuatwa pwani ya Afrika Mashariki, yaliweka kiwango cha marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa ngamia wenye mizigo, ambao leo wengi huuhesabu kuwa kilomita 80 na kitu. Wahanafi walitaka mwendo wa siku tatu. Mwanazuoni Ibn Taymiyya alikataa kipimo cha maili: safari ni ile ambayo watu wenyewe huiita safari.

Ndege iliyokwisha kupaa hukata kilomita hizo 80 kwa dakika tano au sita. Ruhusa ibaki ya nini? Jibu lilikwisha kuandikwa karne ya 13. Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, alieleza kuwa bahari ni kama nchi kavu, na anayemaliza masafa hayo majini kwa saa moja tu bado hupunguza Sala. Wanazuoni wa misingi ya sheria hutenga sababu ya hukumu na hekima yake. Hekima hapa ni kumwondolea mtu mashaka, lakini mashaka hayapimiki. Mchukuzi anayebeba magunia juani mjini kwake hutaabika kuliko tajiri aliyejinyoosha ndani ya ndege, na bado hapunguzi rakaa hata moja. Ndiyo maana hukumu ilifungwa kwenye safari, jambo linaloonekana na lenye mpaka. Uamuzi huo una huruma kubwa, kwani haumlazimishi mtu yeyote kuthibitisha uchovu wake.

Mashaka yenyewe hayakwisha. Yamehamia kwenye jua. Ramadhani ikiangukia Machi, anayekwenda umra kutoka Jakarta saa mbili asubuhi amekwisha kula daku kabla ya saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Anaruka kuelekea magharibi, na mchana unarefuka pamoja naye. Nyumbani kwake wanapofuturu kwa kolak, ndizi zilizopikwa kwa tui la nazi na sukari, yeye ndiyo kwanza yuko kwenye foleni ya pasipoti Jeddah, na huko ni saa nane mchana. Saumu yake itakaribia saa 18. Tena, kwa kuwa alfajiri ilimkuta bado mkaazi, Washafi hawamruhusu kufungua siku hiyo kwa sababu ya safari peke yake, ilhali Wahanbali humruhusu. Jirani yake kitini, aliyetoka Surabaya usiku kabla ya alfajiri kuja kuunganisha ndege, anakunywa chai bila kosa lolote.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Anayeondoka Jeddah asubuhi hukutwa na Magharibi juu ya Bahari ya Hindi, saa tatu hivi kabla ya watu wa Jeddah, na saumu yake ni kamili, maana anachokifuata ni jua lililozama mbele ya macho yake na si saa ya mji alikotoka.