WARIDI MLANGONI PA KANISA

Masomo: Yeremia 29:4-7 na Yeremia 32:6-15

  

Safari hii tunataka kusema juu ya jambo dogo mnalolipita kila Jumapili mkiingia ibadani. Ni ule mti wa waridi, au rozi kama wengi wetu tulivyozoea kusema kule Kongo, ulio upande wa kuume wa mlango. Wengi mnausifu. Lakini si wote mnaojua kwamba ulikaribia kukataliwa, na waliotaka kuukataa ni sisi wazee wa kanisa.

Mama mmoja wa kwaya alituletea vijiti vitatu, amevifunga katika kitambaa chenye maji. Aliomba nafasi ya upana wa mkeka mmoja, na nusu jerikani ya maji kwa juma. Tulimjibu, "Mama, ua haliliwi." Tena tukasema, "Sisi hapa ni wapitaji." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wazee wangu, mimi nimepita hapa miaka kumi na mmoja sasa." Tukaona haya. Tukamruhusu, ila si kwa moyo wote.

Barua kwa watu waliofunga mizigo

Mnazijua habari za Yeremia. Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, walitokea manabii waliosema kwamba kurudi kumekaribia. Hanania alitaja hata hesabu: miaka miwili. Habari hiyo ilikuwa tamu masikioni. Nasi tunazijua habari za namna hiyo, maana husemwa kwetu penye bomba la maji: mwaka huu wote tunarudishwa, mwezi ujao majina ya kwenda Marekani yanabandikwa. Mtu akiyashika hayo haezeki nyumba, hapandi mwembe, mtoto hamwandikishi shule. Anakaa na mizigo imefungwa.

Yeremia aliwaandikia barua ngumu. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa, walime bustani na kula mazao yake, waozeshe watoto wao, na wauombee mji ule waliohamishiwa, kwa sababu amani yao wenyewe ilikuwa ndani ya amani ya mji huo. Hakuwatajia miaka miwili. Aliwatajia sabini.

Je, nabii alikuwa amesahau nyumbani? Hasha. Soma sura ya 32. Yerusalemu umezungukwa na majeshi, yeye mwenyewe amefungwa, naye ananunua shamba huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha! Hati akaamuru itiwe katika chombo cha udongo, ipate kukaa siku nyingi. Basi aliyewaambia watu walime ugenini ndiye aliyetunza hati ya shamba la nyumbani. Kupanda hapa Nakivale si kuikana Fizi, wala Masisi, wala Ruyigi. Mtu aweza kushika jembe mkononi na hati moyoni.

Ua lililotolewa nje kabla ya vita

Waridi la mlangoni kwetu ni la ukoo uitwao haibridi-tii. Mti wake una mashina marefu, na ncha ya shina hubeba ua moja kubwa. Ukoo huu ni chotara. Ulipatikana kwa kuchanganya mawaridi yenye asili ya China, ambayo harufu yake ilifananishwa na majani ya chai, na mawaridi ya Ulaya. La kwanza kuhesabiwa katika ukoo huu liliitwa La France, nalo lilitoka mwaka 1867 kwa mkulima Jean-Baptiste Guillot wa mji wa Lyon, Ufaransa.

Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1935, kijana Francis Meilland alianza kazi ya kuchanganya mbegu iliyompatia waridi jipya la manjano lenye kingo za rangi ya waridi. Mwaka 1939 alituma macho ya mti huo kwa wakulima wa Ujerumani, Italia na Marekani. Kisha vita vikaingia, na mwaka 1940 Ufaransa ikatekwa. Barua zikakatika. Kila aliyepokea alilipanda kwake bila kujua kama kwa wenzake limebaki hai. Ndiyo maana ua moja lina majina mengi. Ufaransa linaitwa kwa jina la mama yake Meilland. Italia waliliita Gioia, yaani furaha. Ujerumani waliliita Gloria Dei, yaani utukufu wa Mungu. Na Marekani, tarehe 29 Aprili 1945, vita vikiwa ukingoni, lilipewa jina la Peace, yaani amani. Majuma hayo hayo mataifa yalikuwa yamekutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa, na viongozi wa wajumbe walipewa kila mmoja ua hilo pamoja na salamu za kutakiana amani. Huo ndio Umoja ambao alama ya shirika lake la wakimbizi tunaiona kwenye maturubai yetu.

Wapendwa, angalieni neno hili. Kama wale wakulima wangesema, "Mti huu ni wa Ufaransa, tuungoje ufungwe ukarudishwe kwao," macho yale yangekauka kifurushini. Walilipanda hapo walipokuwa. Ua liliishi ugenini, na ugenini ndiko lilikopewa jina la amani.

Namna Mama alivyolitunza

Wengi mmeuliza kama waridi halisumbui. Likichaguliwa vizuri halisumbui sana. Mama alikata vijiti kwenye mti aliouona mwenyewe ukivuka kiangazi bila dawa, majani yake mazito na yenye kung'aa. Kila kijiti kilikuwa na unene wa kalamu ya risasi na urefu wa sentimita 20 hivi, na zaidi ya nusu akaizika katika udongo laini kivulini. Kati ya vitatu, kimoja ndicho kilichoshika. Kilipopata mizizi ya kutosha alikihamishia mlangoni, mahali penye jua kwa saa sita au zaidi, katika shimo la kina cha sentimita 50, lenye samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Akazungushia matawi ya miiba, maana mbuzi hula waridi bila huruma.

Wakati wa kiangazi humwagilia mara moja kwa juma, lita 10, polepole, shinani. Hamwagi juu ya majani, kwa sababu majani yakikaa na maji muda mrefu huota kuvu wa madoa meusi. Majani yenye madoa huyaokota na kuyachoma. Vidukari huwafuta kwa vidole. Udongo huufunika kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, ila nyasi zisiguse shina. Ua likinyauka hulikata juu ya jani lenye vijani vitano, na hapo jicho jipya huchipuka.

Tulimwuliza kwa nini hanyunyizi maji kidogo kila siku. Alijibu kwamba maji ya juu juu huita mizizi ije juu, na jua likiwaka inaungua. Maji yaliyoshuka chini huifanya mizizi iyafuate chini. Tulikwenda nyumbani tukilifikiri jibu hilo. Uvumi wa penye bomba ni maji ya juu juu. Kila siku kidogo, kila siku tumaini jipya la siku mbili, na mioyo yetu inabaki juu ya ardhi. Ahadi ya Mungu hushuka chini, ingawa huchelewa kuonekana.

Mzee wetu

Aliyesema kwa nguvu kuliko sisi wote kwamba hapa ni wapitaji alikuwa mzee tuliyempenda sana. Kiwanja chake hakikuwa na mti hata mmoja. Kivuli alikifuata kwa jirani. Mzigo wake ulikaa umefungwa kando ya kitanda. Kiangazi kilichopita alilala katika Bwana, akiwa bado anangoja. Hatukuwa na fedha ya kununua maua, hata yale ya plastiki. Mama yule alikata maua mawili yaliyokuwapo mlangoni, akayaweka juu ya sanduku. Hakusema neno. Sisi tuliosema kwamba ua haliliwi tulisimama tukitazama chini. Tulimzika katika udongo ambao hakukubali kupanda kitu ndani yake.

Hatuandiki haya kumhukumu. Alikuwa mtu wa imani, na machozi yake Mungu anayajua. Tunaandika kwa sababu sisi wote tunafanana naye. Ni nani kati yetu asiye na mzigo uliofungwa?

Tunajua mgao wa chakula umepunguzwa. Maharagwe na mahindi kwanza, hilo hatubishani. Lakini kila nyumba ina nafasi ya upana wa mkeka. Panda hapo kitu kinachosema kwamba unaishi: waridi, au mpapai, au mchicha. Na jirani yako mwenyeji wa nchi hii akikisifu, mkatie kijiti umpe. Hiyo nayo ni kuutafutia mji amani.

Anayetaka kipandikizi afike nyuma ya kanisa Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, aje na kopo lililotobolewa chini. Mama atakuwapo, na sisi wazee tutakuwapo kuchota maji.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unajua siku ya kurudi kwetu, sisi hatuijui. Utufundishe kuishi hapa bila kusahau kule. Mizizi yetu uipeleke chini, na nchi iliyotupokea uipe amani. Katika jina la Yesu. Amina.