Wajukuu Zangu, Msinywe kwa Macho

Wajukuu zangu, nimesikia mmepanga kukutana. Wa Iringa watapanda basi alfajiri, wapite Mafinga na Makambako, washuke Uyole. Wa Mbeya watawangoja pale njia panda, kisha wote mtashika barabara ya Tukuyu. Kesho yake asubuhi mtapanda mlima wa Ngosi, mchana mteremke hadi Daraja la Mungu kuutazama mto Kiwira. Wengi wenu hamjawahi kuonana. Mmejuana kwenye simu tu, huyu akisalimu "kamwene", yule akijibu "ndaga fijo".

Safari yenyewe siikatazi. Vijana wa Nyanda za Juu mkijuana, mkatembeleana, mkaoana hata, sisi wazee tunafurahi.

Kinachoninyima usingizi ni yale mliyoandikiana kuhusu maji. Mmoja kasema asibebe mtu dumu, ni mzigo wa bure, maji ya milimani yana baridi kuliko ya friji. Wa pili kasema tumbo la mtoto wa huku halijui kuumwa. Wa tatu kasema maji ya nini, wenzetu wa Iringa watakuja na ulanzi. Mkacheka, mkahamia kwenye habari ya nauli.

Nawasihi, wanangu, rudini kwenye habari ya maji. Anayekunywa kwa macho hulipa kwa tumbo.

Maji ya milima ya Uporoto yanavutia, sikatai. Kijito kinatoka kwenye mianzi, kinapita juu ya mawe meusi, na ukiinama unaona kila punje ya mchanga. Lakini usikinge kiganja bado. Panda nacho kidogo. Utafika mahali ng'ombe wanaponyweshwa, tope limejaa alama za kwato, samadi mbichi iko pembeni. Panda tena, utalikuta shamba la viazi. Mwenye shamba amemaliza kupulizia dawa ya ukungu, anasuuza bomba lake palepale ukingoni, na yale maji meupe yanachuruzika kurudi kijitoni. Choo chake kiko wapi? Hukioni. Usichokiona ndicho utakachokinywa huko chini.

Na Kiwira ndiyo zaidi. Mpaka mnaufikia pale darajani, mto ule umeshapita vijiji na mashamba, umefuliwa nguo, umeoshewa pikipiki. Ng'ombe huacha alama, kijidudu hakiachi.

Wapo watakaowaambia kwamba maji ya ziwa Ngosi ni dawa. Msiyaonje. Ziwa lile limekaa ndani ya shimo la volkano, na maji yake yana chumvichumvi zinazotoka ardhini. Wala msiteremke ukuta wa shimo lile kwa ajili ya picha. Tazameni kutoka juu, inatosha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hofu yangu.

Mwaka 1854, mjini London, palikuwa na bomba la maji la mkono kwenye mtaa wa Broad Street. Maji yake yalisifiwa kwa utamu. Mama mmoja mjane aliyekuwa anaishi mbali, huko Hampstead, aliyapenda mno hata wanawe, waliokuwa na kiwanda mtaani hapo, wakawa wanampelekea chupa. Kipindupindu kikaingia kwenye maji yale. Mama akanywa, akafa. Binti wa nduguye alikuwa amemtembelea, naye akanywa, akarudi kwake Islington, akafia huko. Wakati ule kipindupindu hakikuwapo kule walikokuwa wakiishi. Daktari John Snow, aliyekuwa akifuatilia vifo, alishangaa wamekipatia wapi. Aliyemfumbua macho ni mtoto wa marehemu, aliyejua nani alikunywa nini na kayatoa wapi.

Yule binti ndiye ninayemwogopa, wajukuu zangu. Alinywea kwingine, akafia kwingine.

Ninyi mtakuwa pamoja siku moja au mbili, kisha mtatawanyika. Mmoja yuko Kihesa, mwingine Tukuyu, mwingine Makambako, mwingine Mwanjelwa. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku tano kabla ya kujitokeza. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu, pengine zaidi. Ugonjwa utawakuta mmeshaachana, kila mmoja kwa mama yake, kila mmoja akidhani ni chips za stendi zilizomdhuru.

Katika kundi lenu nani atakuwa mtoto wa yule marehemu? Nani atamwambia daktari wa Iringa kwamba yupo mwenzake amelazwa Mbeya kwa dalili zilezile? Mmejuana kwa majina ya utani. Hamjui baba wa huyu ni nani, wala yule anakaa mtaa gani. Asiyejua jina lako hatajua ugonjwa wako.

Na msidhani ni hadithi za Wazungu wa zamani. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam. Kufikia Aprili 2016 kilikuwa kimeingia mikoa 23 ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar. Walikuwa wameugua watu zaidi ya 24,000, na zaidi ya 370 wamefariki. Upepo haukukipeleka huko. Kilisafiri na watu, ndani ya mabasi kama hayo mtakayopanda ninyi.

Tena wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaumwi kabisa, au huumwa kidogo tu. Lakini vijidudu huendelea kutoka kwenye kinyesi chao kwa siku kadhaa. Kwa hiyo wewe mwenye tumbo lisilojua kuumwa unaweza kurudi mzima, ukashika kata ya maji nyumbani, na atakayeharisha akawa mdogo wako wa miaka miwili. Hilo umelifikiria? Mimi nimelifikiria, ndiyo maana siwaachi.

Basi fanyeni hivi, nawabembeleza.

Chemsheni maji usiku wa kuamkia safari. Huku juu maji huchemka kabla ya kupata moto kamili: Mbeya mjini ni kama nyuzi 94, na kule juu Kitulo ni kama 91. Kwa hiyo msiepue yanapoanza kutoa povu dogo. Yaacheni yatokote kabisa kwa dakika tatu, yapoe yakiwa yamefunikwa, myatie kwenye dumu lililooshwa. Dumu la mafuta ya kula lililosuuzwa mara moja silo. Asiye na kuni wala gesi anunue dawa ya kutibu maji dukani, afuate maelezo ya kwenye kifuniko au pakiti. Lakini jueni kwamba moto huua vijidudu, hauondoi dawa ya shambani. Maji yanayopita chini ya viazi yaacheni, hata kama mna sufuria.

Mkinunua maji ya chupa barabarani, shikeni kizibo. Kama hakikatiki kwa sauti, huenda chupa imejazwa upya, mrudishieni mwenyewe bila ugomvi. Chupa iliyofunguliwa na mtu mliyejuana naye kwenye simu msiipokee, awe mcheshi vipi. Mabinti zangu, hili nawaambia mara mbili: msiipokee.

Ulanzi nao hauzimi kiu. Pombe hukausha mwili, na hujui kidumu kile kilisuuzwa kwa maji gani. Anayepanda mlima amelewa hushuka amebebwa.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya kuoshea mchele, msimcheke na msingoje kesho. Kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache kwa kumkausha mtu. Mpelekeni kituo cha afya palepale, na njiani mmnyweshe maji ya chumvi na sukari. Kama hamna pakiti ya dukani, chukueni lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kwa ushauri pigeni 199, simu ya Wizara ya Afya, haina malipo.

Na mkisharudi, msilifunge kundi lenu la kwenye simu. Najua tabia yenu, picha zikishagawanywa kila mtu anajitoa. Kaeni pamoja humo wiki tatu. Mwenye homa aseme. Anayeharisha aseme, asione haya, maana haya za tumbo zimezika watu. Akisema mmoja, wengine wote waende wakapimwe na wamweleze daktari walikokuwa.

Wajukuu zangu, hamjachelewa. Leo jioni, kabla hamjaanza kuchangishana nauli, kila mmoja aandike jina lake la kweli, mtaa anaokaa na namba ya mzazi wake. Na kila mmoja aje na maji yake. Anayeona uvivu kubeba dumu abaki nyumbani.