Wazi kwa Nani?

Sikuvuka bahari kwenda Kibaha kutafuta maana ya uwazi. Nilikwenda harusini kwa mpwa wangu, na simu yangu, ambayo kwa hesabu za simu ni ajuza, ikazimika usiku wa kuamkia siku ya harusi. Asubuhi nikapelekwa Maili Moja kwa fundi kijana mwenye meza ya mbao, kioo cha kukuzia, na kompyuta aliyoifunika kanga kuikinga na vumbi la Barabara ya Morogoro. Aliniamkia, akaipindua simu huku na huku, akasema kuwa kampuni iliyoiunda imeshaacha kuiletea mfumo mpya.

"Lakini usihuzunike, mzee. Ipo ya watu."

"Ya watu gani?"

"Watu tu. Wanaiandika wao kwa wao, wanaiweka mtandaoni, nasi tunaichukua."

Haikutimu saa mbili, simu ikafufuka. Alichokiweka ni LineageOS, mfumo endeshi, yaani ile programu mama iongozayo nyengine zote simuni. Habari yake niliisoma baadaye. Mwaka 2009 watu walianza kuushughulikia msimbo wa Android kwa kujitolea, wakauita CyanogenMod. Ikaja kuundwa kampuni juu ya kazi yao, na Disemba 2016 kampuni ile ikazifunga huduma zake. Waliojitolea hawakutawanyika. Waliuchukua msimbo uleule, wakaubatiza jina jipya, wakaendelea. Kumbe fundi hakukosea aliposema "ya watu".

Kwa heshima yangu aliniwekea Kiswahili. Kisha akafungua programu moja ndogo ya kuhifadhia maandishi, nayo ikamtaka aandike *nywila*. Akaniangalia. "Mzee, nywila ndio nini?"

Nilikawia kumjibu. Neno lile nilikuwa nalijua kuliko alivyodhani.

Miaka mingi nyuma nilikuwa miongoni mwa watu wachache waliojitolea kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Hapakuwa na malipo wala ofisi. Zama zile zilikuwa na bashasha yake: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, nasi wengine tukaona kuwa lugha yetu haitasubiri tena mlangoni. Nikatafsiri usiku, baada ya kazi iliyonipa mkate. Neno la kwanza lililonisumbua lilikuwa lile la kuitia kazi yenyewe jina. Waingereza wana neno moja tu kwa kisicholipiwa na kwa kilicho huru, na tangu Richard Stallman alipoanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, wao wenyewe wamechoka kufafanua wakusudialo. Sisi tumejaaliwa utajiri: tuna *bure*, tuna *huru*, tuna *huria*, tuna *wazi*. Ila tahadhari na *bure*. Kitolewacho bure hakina bei, na kazi ya bure yaweza pia kuwa kazi iliyopotea. Mshairi huufurahia utata kama huo. Mfasiri aliyekesha hucheka kidogo tu.

Neno lililo gumu zaidi ni *wazi*, na ndilo la kujiuliza. Android ilitangazwa Novemba 2007 kuwa mfumo ulio wazi, uliojengwa juu ya kiini cha Linux ambacho Linus Torvalds alikianza mwaka 1991. Leseni ya kiini hicho humtaka anayekibadili na kukigawa atoe na mabadiliko yake. Leseni ya sehemu kubwa ya Android yenyewe haina sharti hilo: chukua, badili, ukitaka funga. Mwaka 2011 Google waliuzuia kwa miezi kadhaa msimbo wa toleo lililoitwa Honeycomb. Mwaka 2019 Huawei walipozuiwa kupata huduma za Google, msimbo ulio wazi walibaki nao, lakini duka la programu na vyote ambavyo mnunuzi wa Ulaya alivihesabu kuwa ndiyo simu vikaondoka. Na Machi 2025 Google walitangaza kuwa kazi yote ya kuuendeleza mfumo itafanyika ndani, na msimbo utatolewa toleo likishakamilika. Chungu kimeivia ndani. Wageni tunakaribishwa kula, hata kuuliza kilichotiwa, lakini chumvi imeshakolea.

Je, huo ni uwazi? Nathubutu kusema kuwa ni uwazi, ila si ushirika, na sisi tumezoea kuvichanganya viwili hivi. Pwani yetu ilijua tofauti yake. Mizani na vina ni vya wote. Hakuna aliyeomba ruhusa kutunga shairi la mizani kumi na sita. Beti ni za mtu, na mwenye kuulizwa kwa shairi alipaswa kujibu kwa shairi. Tena walikuwapo wahifadhi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa kuwa watu waliyaweka vifuani, hata Mwalimu Sikujua akayakusanya pamoja na W. E. Taylor, miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki. Nakala ikiwa kwa wengi, kazi haifi na mwenyewe. Hilo ndilo fadhila kubwa la msimbo ulio wazi. Lakini malumbano yanataka jengine zaidi ya nakala: yanataka usemapo nisikie, nisemapo usikie.

Harusi ilipokwisha nilikwenda Kisarawe kumwamkia shangazi yangu, nikarudi kwanza Dar es Salaam, nikapita Gongo la Mboto na kupanda vilima vya Pugu. Shangazi ana simu tuiitayo kitochi, ila ni kitochi cha kisasa chenye intaneti. Nilipoiona nikaikumbuka asili yake. Mozilla walianza mwaka 2011 kuunda mfumo wa simu ulio wazi, ukaja kuitwa Firefox OS, uliokusudiwa simu za bei nafuu, na watu wa kujitolea duniani kote wakaujaribu na kuutafsiri. Disemba 2015 Mozilla walitangaza kuachana na biashara ya simu, na mwaka uliofuata wakaiacha kazi yenyewe. Msimbo uliobaki ndio uliozaa KaiOS, na mwaka 2019 Vodacom wakauleta Tanzania ndani ya simu waliyoiita Smart Kitochi.

Hapa pana tofauti na habari ya simu yangu. Kule kampuni ilikufa, baraza likabaki. Huku baraza lilivunjika, mbao zake zikajenga duka la mtu mwengine. Halali kabisa, tena kwa faida: bila mbao zile shangazi asingekuwa na simu ya namna ile. Ila aliniuliza kwa nini mwanawe wa Tanga hapatikani tena WhatsApp.

"Nimeiharibu mimi, mwanangu?"

"Hukuiharibu wewe, shangazi."

Tangu katikati ya mwaka 2024 WhatsApp haikupatikana tena kupakuliwa katika duka la KaiOS. Uamuzi ulipitishwa mbali, juu ya programu iliyofungwa, iliyokalia mfumo ulioanza ukiwa wazi. Kisarawe wanalijua hili kwa mfano ulio karibu. Maji ya Ruvu yalikuwa yakienda Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mradi wa kuyapandisha Kisarawe kutoka Kibamba ulizinduliwa mwaka 2020. Bomba kubwa unaweza kulitazama kutwa nzima na ndoo ikabaki kavu.

Sasa nirudi kwenye dhulma yangu, au nilichokiita dhulma. Kazi tuliyoifanya kwa miaka ilipitiwa siku moja na wafasiri wa kulipwa, ambao siwataji, nao wakafuta mamia ya maneno yetu bila salamu. Nilikasirika mno. Niliandika barua ndefu, haikujibiwa. Leseni niliisoma upya nikaona hakuna nilichoibiwa. Nilitoa kwa hiari, na mtoaji huria hana haki ya kukamata mkono wa mpokeaji. Niliamini, na bado naamini, kuwa nilikosewa adabu, kwani asiye na milki aweza kuwa na haki ya kusikilizwa. Niliacha kutafsiri. Walioniita nirudi hawakuniona.

Haya yote nilikuwa nayo kifuani nikiwa Maili Moja, na ndiyo sababu swali la fundi lilinichoma. *Nywila* ni katika maneno yetu machache yaliyosalimika, na aliyelitetea ni mimi. Wenzangu wawili walitaka *neno la siri*. Mimi nilisema kuwa *nywila* ni neno moja, fupi, lina nasaba katika kamusi, na kwamba watu watazoea. Tulijadiliana wiki nzima kwa adabu na ushahidi. Tulikuwa watu saba, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje kumuuliza mwenye meza ya mbao. Orodha yetu ilikuwa wazi, yeyote angeweza kuisoma. Nani alijua kuwa ipo?

Nilimwambia fundi maana yake. Akacheka kwa heshima, kama mtu achekavyo mbele ya mzee.

"Aa, paswedi! Mzee, wateja wangu wakikutana na hili wanarudi Kiingereza. Wanasema Kiswahili kigumu."

Nilipotoka Kisarawe nilipita tena Maili Moja, ingawa simu haikuwa na neno. Nilinunua daftari la kurasa arubaini na nane njiani. Fundi alikuwa na wateja wawili. Nikangoja kwenye benchi. Alipopata nafasi nilimwomba aniambie wao pale mezani huita vipi kila kitu alichokuwa akikishika, na wateja husema nini wanapokuja kulalamika. Akadhani natania. Kisha akaanza, na mmoja wa wateja akamkatiza, akasema kwao Mlandizi hawasemi hivyo.

Nikaandika yote mawili.