Raba Mpya Juu ya Kutu



Vijana wenzangu, leo naomba twende gereji. Kuna gari moja ambalo wazee waliofuatilia mbio za Safari hawalisahau: Datsun 240Z. Ni gari dogo la michezo la Kijapani, milango miwili, boneti ndefu, na nyuma lina mlango wenye kioo unaofunguka kwenda juu. Lilishinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Yaliyobaki leo yana miaka 50 na zaidi, na wenye nayo wanayatunza kama mboni ya jicho.

Adui mkubwa wa gari hilo ni kutu. Na kutu hiyo hupenda kukaa mahali usipopaona, chini ya raba za vioo.

Raba ikiwa mpya ni laini. Inabonyea, inakumbatia kioo upande mmoja na bati upande wa pili. Lakini jua linaipiga, miaka inapita, inakauka, inakuwa ngumu kama plastiki na kupasuka kwenye kona. Mvua ikinyesha maji yanapata njia. Hayaingii yote ndani ukayaona na kuyafuta. Mengine yanabaki katikati ya raba na bati, yanatafuna polepole. Ukilitazama gari kwa nje linang'aa, umelipiga na polishi. Bwana wetu aliwaambia watu wa zama zake kuhusu viriba vikuukuu (Mathayo 9:17), na shida ilikuwa hiyo hiyo: ngozi iliyokakamaa haitanuki tena, hivyo divai mpya inaipasua.

Sasa angalia watu wanavyofanya. Unakuta mtu ameona tone la maji kwenye dashibodi. Anakwenda dukani, ananunua silikoni, anapaka kwa nje kuzunguka kioo chote. Tone limeisha, amefurahi. Lakini maji yaliyokuwa ndani ya raba hayana pa kutokea, na kutu inaendelea kula ikiwa imefunikwa vizuri zaidi kuliko mwanzo. Mwingine ana pesa, anaagiza raba mpya kabisa na kioo kipya, kisha anamwambia fundi, "Weka tu, usianze kuchokonoa bati, nina haraka." Huyu kwangu ni mbaya kuliko yule wa silikoni, maana amelipa gharama ya matengenezo bila kutengeneza kitu.

Fundi anayejua kazi hakubali. Anatoa vipande vya kromu, anaikata raba ya zamani kwa wembe (hairudi kazini tena, ya nini kuionea huruma?), wawili wanakisukuma kioo kutoka ndani taratibu mpaka kitoke. Hapo ukingo wa bati unabaki wazi, na mwenye gari mara nyingi hunyamaza kimya. Alidhani ni doa moja, anakuta matundu. Inaanza kazi ya brashi ya waya na msasa. Palipooza panakatwa, panachomelewa bati jipya. Kisha praima, kisha rangi, na rangi iachwe ikauke kweli. Ndipo raba mpya inavishwa kwenye kioo, kamba inapitishwa ndani ya mfereji wake, maji ya sabuni yanapakwa, kioo kinaegeshwa mahali pake. Mmoja anakandamiza kwa nje kwa viganja, mwenzake ndani anavuta kamba kidogo kidogo, na mdomo wa raba unapanda juu ya bati. Ukitumia nguvu, kioo kinapasuka kona. Kazi yenyewe ya kuweka haichukui muda mrefu. Siku zinaliwa na kutu.

Nadhani umeshaona ninakokwenda. Wengi wetu tunapenda sehemu ya kuweka. Kwaresima ikianza tunaanza novena, tunanunua rozari mpya, tunaweka picha ya Moyo Mtakatifu kwenye simu, tunajiunga na kwaya. Vyote ni vyema, sivipingi hata kimoja. Lakini chini yake kuna jambo moja ambalo halijawahi kuguswa. Kuna kijana anayeungama kila mwezi bila kukosa, na kila mwezi analizunguka hilo hilo moja. Anataja hasira, uvivu, kuchelewa Misa. Hataji pesa za kikundi alizokula. Hataji mimba aliyoshauri itolewe. Anapaka silikoni.

Ndugu yangu, Kanisa linafundisha waziwazi: anayeficha kwa makusudi dhambi ya mauti katika kitubio hapokei maondoleo, hata kwa zile alizozitaja. Mtakatifu Yeronimo alilisema kwa lugha ya hospitali: mgonjwa akiona aibu kumwonyesha tabibu kidonda, dawa haiwezi kutibu isichokijua. Kusahau ni jambo jingine. Uliyoisahau kwa kweli imesamehewa pamoja na nyingine, utaitaja ukikumbuka. Ninasema habari ya kuficha.

Tena usidhani ni siri yako peke yako isiyomdhuru mtu. Hiyo 240Z ina tabia nyingine. Raba ya mlango wa nyuma ikichoka, gari linapokimbia hewa iliyo nyuma yake inavuta moshi wa ekzosi na kuuingiza ndani. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dereva anaumwa kichwa, anasinzia, anadhani ni uchovu wa safari. Anashusha kioo cha mlango apate hewa, na kwa gari hilo kushusha kioo kunaweza kuuvuta moshi zaidi! Na aliyekaa kiti cha pembeni, ambaye gari si lake na raba haijui, anavuta moshi ule ule. Mchumba wako amekaa hapo. Mdogo wako amekaa hapo.

Kuikagua raba hiyo ni rahisi. Chukua kipande cha karatasi, funga mlango juu yake, kisha kivute. Kikiteleza bila kushikwa, raba haigusi mahali hapo. Rudia kuzunguka mlango mzima, usiruke kona. Kutafiti dhamiri nako ni hivyo: pitia amri kumi moja moja, na ile unayotaka kuipita haraka ndiyo usimame hapo.

Najua kinachotuzuia. "Padre ananifahamu, ataniona vipi?" Padre amefungwa na siri ya maungamo bila ubaguzi wowote. Hawezi kumwambia mama yako, wala askofu, wala hakimu, na akiisaliti waziwazi anajitenga mwenyewe na Kanisa papo hapo. Tena kama ni huyo wa parokiani anayekutia aibu, nenda parokia ya jirani. Ni haki yako.

Na ukishapewa maondoleo, patakuwa na bati la kuchomelea. Pesa ulizokula zitarudishwa, hata kama ni kwa mafungu. Uliyemchafulia jina utamsafisha mbele ya wale wale uliowaambia. Ndiyo maana ya malipizi, na padre atakusaidia kuona uanzie wapi.

Parokia nyingi mapadre hukaa kitubioni Jumamosi jioni. Yako ikiwa na ratiba nyingine, muulize katekista. Na kama ni miaka umeshasahau hata maneno ya kuanzia, mwambie hivyo hivyo: "Baba, nimesahau namna ya kuungama, na kuna jambo moja zito." Atakuongoza.