Je, Yafaa Kuwasimulia Watoto Hadithi za Wajanja?

Mama mmoja wa mtaa wetu alitusimamisha baada ya ibada akatuuliza kama ni haki mwalimu Mkristo kuwasimulia watoto wa darasa la awali hadithi za Sungura na Kima. "Mwalimu, wanyama hao hushinda kwa uongo. Mwanangu atajifunza nini?" Swali lake ni zito, maana mtoto wa miaka mitano alichokishika hakimtoki upesi.

Tuitazame hadithi moja. Kima alikaa juu ya mkuyu kando ya maji, akimtupia matunda rafiki yake Papa. Siku moja Papa akamwalika kwao, akamchukua mgongoni. Walipofika kilindini akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba makima wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Papa akamrudisha pwani kuufuata moyo. Kima akapanda mkuyu, asishuke tena.

Hadithi hii imo katika kitabu cha Edward Steere kilichochapishwa London mwaka 1870, mwaka mmoja kabla ya Stanley kumkuta Livingstone hapa Ujiji. Steere alikuwa kasisi wa misheni ya Kianglikana huko Unguja, akafanywa askofu mwaka 1874. Mtu huyo huyo aliyejitaabisha kuyatia Maandiko katika Kiswahili hakuona haya kuziandika hadithi za wenyeji.

Nasi tuliisimulia tulipokuwa walimu vijana, miaka ya 1980. Tulimweka Mamba mahali pa Papa, kwa kuwa watoto wa ziwa hili wamjua mamba, na papa hawajapata kumwona. Tulipomaliza tuliandika ubaoni: Usiseme uongo. Msichana mdogo akanyosha mkono: "Mwalimu, Kima angesema kweli, si angekufa?" Tukamwambia akae chini. Hadi leo twaona aibu. Yeye alikuwa akifikiri, na sisi tulikuwa tumekwisha kumfikiria.

Nabii Nathani hakufanya hivyo. Alipotumwa kwa Daudi alimsimulia kwanza habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akakasirika, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Hukumu ilimchoma kwa sababu ilitoka kinywani mwake mwenyewe. Tena katika Kutoka twasoma habari za wakunga Shifra na Pua, waliomzungusha Farao kwa maneno ili watoto wachanga wapone, na Mungu akawatendea mema. Swali la yule msichana, basi, limo hata katika Biblia.

Je, tuseme uongo ni halali? La hasha. Lakini iwekeni kando ya hadithi ya Kima ile ya Sungura, aliyekataa kuchimba kisima pamoja na wenzake, kisha akaja usiku kuiba maji. Wote wawili ni wajanja. Kima aliponya roho yake mbele ya rafiki aliyemsaliti. Sungura alikunywa jasho la wenzake. Waulizeni watoto ni nani mwenye haki. Mtoto wa Ujiji aliyekwisha kubeba ndoo ya maji kichwani hatakawia kujibu. Akiweza kuwatenga wajanja hao wawili, amejifunza jambo ambalo ubao wetu haukumfundisha.

Hofu ya mama yule ina msingi pale mwalimu anapoiacha hadithi iishie kwenye kicheko. Kwa hiyo mwalimu asimulie, kisha anyamaze kidogo, aulize, awaache watoto waigize, wachore mkuyu na kuhesabu matunda yake. Mwisho naye aseme neno lake, kwa upole. Tangu Sera ya Elimu ya 1995 elimu ya awali imo katika mfumo rasmi wa shule, na katika mji wetu watoto wa Kikristo na wa Kiislamu, Waha na wenye asili ya Kongo, huketi mkeka mmoja. Hadithi ni mali yao wote.

Wazee wetu walipoanza waliitikiwa: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo wa hadithi ulitangazwa mlangoni, wala hakuna aliyedanganywa. Papa ndiye aliyeficha nia yake nyuma ya mwaliko mtamu, na huyo ndiye tumfundishe mtoto kumwogopa, na kuogopa kuwa kama yeye.

Mama yule tulimjibu hivi: "Mwache asikilize, mama. Jioni akirudi, mwulize nani alikosa, na kwa nini. Kisha umsikilize mpaka amalize." Nanyi wazazi twawasihi mfanye vivyo hivyo. Bwana atujalie hekima ya kuwalea.